Mama Naye Ayaone Maji: Safari ya Mwingi kwa Wenye Uzito wa Kutembea



Kila zinapokaribia likizo za shule, majumbani mwetu husikika mazungumzo ya safari. Huyu hutaja Lamu, yule Malindi, mwingine Nairobi kwa shangazi. Gari hukodiwa, mikate ya kumimina hupikwa, na siku ya kuondoka ikifika nyumba hubakia na mtu mmoja au wawili: bibi ambaye magoti yamemkatalia, babu aliyepatwa na kiharusi, kijana aliyezaliwa na miguu isiyomchukua. Huachiwa chakula ndani ya hotpoti, simu iliyojaa chaji na mtoto wa jirani wa kuja kumchungulia. Hapana aliyekusudia kumdhulumu. Lakini hapana pia aliyemuuliza kama angependa kwenda.

Kwa muda sasa baadhi ya wasomaji wametutaka tuandike juu ya mahali pa kumpeleka mzee wa namna hiyo, pasipokuwa pwani. Bahari tunaijua, nayo si rafiki wa kiti cha magurudumu: mchanga humeza magurudumu membamba, maji hupwa na kujaa, na mvuke wa joto humchosha mwenye maradhi. Wamependekeza kijiji kilicho kando ya ziwa la maji baridi. Na kwa kuwa wapo miongoni mwetu walioozesha Ukambani, au wana watoto waliopelekwa kazini huko, jina la Mwingi limetajwa zaidi ya mara moja. Basi tumeona tulichukue swali hili kwa uzito wake: je, Mwingi panafaa, na ikiwa panafaa, mtu afikie wapi?

Kwanza tuseme kwamba Ukambani si ugenini kwa watu wa pwani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba iliteremka hadi Rabai na Mombasa ikileta pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na waya. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui, mwezi wa Desemba mwaka huo, Krapf aliuona Mlima Kenya. Njia ile ya misafara ilikuwa ya miguu, na asiye na miguu hakuwa na nafasi ndani yake. Leo ni ya magurudumu, na kwa hiyo hoja ya kumwacha mtu nyumbani imepungua nguvu.

Pili, tuweke wazi jambo la jiografia, maana jina la ziwa linaweza kumpoteza mtu. Mwingi hauna ziwa la asili. Mji huu uko juu ya barabara kuu ya kutoka Thika kwenda Garissa, katika kaunti ya Kitui, kwenye nchi kavu ya mibuyu, migunga na mito ya msimu ambayo kwa miezi mingi huwa ni mchanga mtupu. Maji makubwa yanayoitwa ziwa huko ni mabwawa ya Mto Tana, yaliyojengwa kwa ajili ya umeme. Ukishuka na mto unakutana nayo kwa mpango huu: Masinga, lililokamilika 1981, Kamburu, 1974, Gitaru, 1978, Kindaruma, 1968, na Kiambere, 1988. Hili la mwisho ndilo lililo jirani na Mwingi zaidi, na maji yake husukumwa kwa mabomba hadi mjini Mwingi. Anayetawadha katika mji huo, basi, anatumia maji ya Tana hata kama hajauona mto wenyewe. Nalo Masinga ndilo bwawa kubwa kuliko yote nchini, na mtu wa pwani akilitazama siku ya upepo huona mawimbi na upeo kama wa bahari.

Sasa, bwawa lina tabia ambayo ziwa la asili halina kwa kiasi hicho, nayo ni muhimu sana kwa mtu asiyeweza kutembea. Ukingo wake huhama. Masinga huweza kushuka karibu mita 20 kutoka kimo chake cha kujaa hadi kile cha mwisho ambacho mitambo bado inaweza kufanya kazi. Mwaka 2009, wakati wa ukame, mitambo ya Masinga ilizimwa kwa uhaba wa maji. Na mwaka 2018, wakati wa masika, bwawa hilohilo lilifurika hadi maji yakamwagika juu. Mita 20 za kimo, katika mteremko mpole, huwa ni mamia ya mita za tope lililokauka na kupasuka kati ya kijiji na maji. Kijiji kilichokuwa kando ya ziwa mwezi wa Mei kinaweza mwezi wa Oktoba kuwa mbali nalo mwendo ambao mwenye mkongojo hawezi kuumaliza. Kwa hiyo mtu akikusifia mahali kwa kukuonyesha picha, muulize picha imepigwa mwezi gani.

Hali kadhalika, ukaribu wa maji na wepesi wa kuyafikia ni mambo mawili mbalimbali. Tunayo mifano hata upande wetu wa kusini. Ziwa Chala, nyuma ya Taveta, limo ndani ya shimo la volkano. Unaweza kusimama ukingoni ukaliona chini yako kama sahani ya buluu, lakini njia ya kulishukia ni ya kupanda na kuteremka kwa mikono na miguu. Ziwa Jipe, lisilo mbali na hapo, ukingo wake ni tambarare, ila umezungukwa na matete, na viboko hutoka humo jioni kuja kula majani. Chala ni karibu kwa jicho na mbali kwa mguu. Jipe linafikika kwa mguu, lakini huwezi kukaa popote utakapo. Mwenye kuchagua mahali kwa ajili ya mzee wake ayatazame yote mawili.

Kwa upande wa mabwawa ya Tana, hukumu yetu ni hii. Vijiji vya upande wa Mwingi vinavyoelekea Kiambere ni vya wakulima, wafugaji na wavuvi. Watu wake ni wakarimu, lakini makazi yao hayakujengwa kwa ajili ya wageni, achilia mbali mgeni wa kiti cha magurudumu. Njia za kuteremkia majini ni za udongo, zenye mawe na makorongo, na mvua ikinyesha hubadilika kwa usiku mmoja. Vyoo ni vya shimo, vya kuchuchumaa. Mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, na mwenye kuogopa choo hujizuia kunywa maji kutwa nzima katika nchi yenye joto. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Tukisema haya hatuwatukani wenyeji. Nyumba ya mtu imejengwa kwa haja ya mwenyewe. Tunachosema ni kwamba mapenzi yetu ya kuamka na kuona maji mlangoni yasimgharimu mzee heshima yake chooni.

Rai yetu, kwa hiyo, ni kuupindua mpango. Badala ya kutafuta kijiji kilicho majini na kuhangaika na kila kitu kingine, mtu aufanye mji wa Mwingi kuwa nyumba yake ya siku tatu au nne, na maji ayaendee kama matembezi ya mchana. Mjini kuna hospitali, maduka ya dawa, lami, umeme, na nyumba za kulala wageni zenye vyumba vya chini. Kuna msikiti, na kwa kuwa mabasi ya Garissa hupita na kusimama hapo, mikahawa ya Kiislamu haikosekani. Mama hatalazimika kuuliza nyama imechinjwa na nani. Kutoka Mwingi, mwenye gari hurudi na barabara kuu kuelekea Thika hadi njia panda ya Kangonde, kisha hushika barabara ya Embu, na Masinga liko upande huo. Njia sehemu yake kubwa ni lami, nayo ni nafuu kwa mgongo wa mgonjwa kuliko njia za udongo za kwenda Kiambere. Ukingoni mwa Masinga pana hoteli ya mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, inayoyatazama maji, ambapo familia inaweza kukaa kivulini bila kulazimika kushuka hadi kwenye tope.

Tuliwahi kwenda upande huo na jamaa yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye kiharusi kilimwondolea nguvu za upande wa kushoto. Vijana walipoona njia ya kushukia majini ni ya mawe, walikunja mikono ya kanzu wakataka kumnyanyua na kiti chake. Nia yao ilikuwa njema. Yeye akawaambia kwa sauti ya chini, "Msinibebe mbele za watu, wanangu." Tukamweka chini ya mgunga, hatua kama hamsini kutoka kwenye maji, kiti kikiwa kimezuiwa kwa mawe mawili. Akakaa hapo tangu baada ya Adhuhuri hadi jua lilipopunga, akitazama mitumbwi ya wavuvi na kuuliza bei ya samaki. Hakuyagusa maji, wala hakulalamika. Njiani tukirudi alikuwa ndiye msemaji kuliko sote. Hapo tuliona kwamba wengi wetu tunapima safari ya mgonjwa kwa kipimo chetu sisi wazima: amefika mwisho wa njia au hakufika? Naye alikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa sitara.

Neno hili la sitara linawahusu hasa akina mama. Mwanamke anayehitaji kunyanyuliwa kutoka garini hadi kitini, na kutoka kitini hadi kitandani, anahitaji mtu wa kumnyanyua ambaye ni halali kumshika: mume, mwana, ndugu, au mwanamke mwenzake mwenye nguvu. Si busara kusafiri na kutegemea kwamba dereva au mhudumu wa hoteli atasaidia. Hayo yapangwe nyumbani, na anayenyanyua afundishwe namna ya kunyanyua kwa miguu, si kwa mgongo. Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni buibui. Pindo lake likiingia katika magurudumu humvuta mtu akaanguka kifudifudi. Avae buibui fupi kidogo lenye suruali ndani, au pindo likunjwe na kuwekwa chini ya paja. Na leso mbili zisikosekane: moja ya kumfunika miguu, nyingine ya kuzibia pembeni anapobadilishwa nguo.

Tuje kwenye njia. Kutoka pwani zamani mtu alilazimika kufika karibu na Nairobi ndipo ageuke kuelekea Thika na Mwingi. Sasa iko barabara ya lami inayotoka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, ikapita Ikutha na Mutomo hadi Kitui, na kutoka Kitui mtu huendelea hadi Mwingi. Njia hii imewapunguzia watu wa Mombasa mzunguko mkubwa. Wapendao reli waweza kupanda Madaraka Express, iliyoanza 2017, kwa ile treni inayosimama vituo vya njiani, wakateremka Kibwezi na kupokewa na gari. Mwenye kuchukua reli aulize mapema, wakati wa kukata tiketi, juu ya msaada wa kupanda na kushuka, wala asingoje hadi siku ya safari.

Basi la kawaida hatulipendekezi kwa mtu asiyeweza kupanda ngazi, kwa kuwa ngazi zake ni ndefu na nyembamba na makondakta wana haraka. Familia mbili au tatu zikichanga pesa zikakodi Noah au matatu ya viti kumi na vinne, zikaondoa kiti kimoja cha nyuma ili kiti cha magurudumu kipate mahali, gharama huwa ya kuvumilika. Na safari isifanywe kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa alale Mtito Andei, Kibwezi au Kitui, kisha aendelee asubuhi. Kila baada ya saa mbili gari lisimame. Na mtu asiyehisi miguu yake ainuliwe au aegemezwe upande kidogo mara kwa mara hata gari likiwa mwendoni, kwa sababu vidonda vya kukaa huanza kwa saa chache na kupona kwa miezi.

Juu ya msimu, tunasisitiza. Ukambani kuna mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na hizi za mwisho ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima. Mito ya msimu, ambayo mchana ni mchanga wa watoto kuchezea, jioni huweza kushuka na maji mekundu kutokana na mvua iliyonyesha mbali, pasi na tone moja kuanguka pale uliposimama. Mwezi wa Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, lilipojaribu kuvuka maji, na zaidi ya watu 30 walifariki. Watu wazima wenye nguvu walishindwa kujiokoa. Itakuwaje kwa aliyefungwa mkanda kitini? Dereva akisema, "Tutapita tu," mwenye mgonjwa ndani ya gari aseme hapana, hata kama kukaa hapo ni hadi asubuhi. Mwezi wa Juni hadi Septemba ndio tunaoupendelea: mvua hakuna, njia ni kavu, na usiku huwa na ubaridi unaotaka blanketi.

Kabla ya kulipia chumba, piga simu. Swali la kwamba mahali panafaa kwa mlemavu au la, lisiulizwe hivyo, kwani jibu lake daima ni ndiyo. Uliza vipimo. Mlango wa chumba una upana gani, na wa choo je? Kiti cha kawaida cha magurudumu kina upana wa sentimita 65 hadi 70, na kwa mikono ya anayekisukuma mlango hautakiwi kupungua sentimita 80. Vyumba vingi vina mlango mpana wa kuingilia na mlango mwembamba wa choo. Wenye nyumba hawaoni kasoro hiyo kwa kuwa hawajawahi kuingia wakiwa wamekaa. Kuna kizingiti? Kuna ngazi ngapi, na kila moja ina kimo gani? Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko; ngazi moja ya sentimita 15, basi, inahitaji ubao wa karibu mita mbili. Ubao huo unaweza kuufunga juu ya gari ukaenda nao. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kiti kinaweza kugeuka humo ndani, yaani kuna nafasi ya mita moja na nusu? Bomba la maji liko upande wa mkono gani? Kitanda kina kimo cha kiti, au ni kirefu cha kupandia? Na mwisho, mwombe mtu wa hapo apige picha ya choo kwa simu akutumie. Picha ya choo itakufaa kuliko picha ya ziwa.

Tuliwahi kufika kwenye nyumba moja ya wageni ambayo tuliambiwa kila kitu kiko chini. Chumba kilikuwa chini kweli. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, na katikati kuna mtaro. Tangu siku hiyo tunabeba ndoo yenye mfuniko, kiti cha plastiki kilichokatwa shimo katikati, na pazia la kujitegemea. Vitu hivyo vitatu bei yake ni ndogo, navyo vimegeuza chumba chochote kuwa cha kufaa. Ama kiti chenyewe, kwa nchi ya mchanga na kokoto, magurudumu mapana yenye upepo ni bora kuliko yale membamba ya hospitali. Mwenye haja ya kiti au ushauri asiende mbali: chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958, na ambacho karakana zake za Bombolulu watu wa Mombasa wanazijua tangu 1969, kimekuwa kikiwahudumia wenye ulemavu kwa miaka mingi.

Upande wa maji yenyewe, Masinga na Kiambere yote mawili yana mamba na viboko. Kiti kisisogezwe hadi mwisho wa ukingo, hasa alfajiri na jioni, na breki pekee haitoshi kwenye mteremko, weka mawe. Mtu asiyeweza kukimbia akae mahali ambapo haitapasa kukimbia.

Ama ibada, sheria yetu imetangulia kuwaonea huruma wasafiri na wagonjwa, na mtu akiwa yote mawili apewe haki zake zote mbili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, safari ya marhala mbili, ambayo wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaikadiria kilomita 81 au zaidi kidogo, inamruhusu msafiri kufupisha swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kutoka Mombasa hadi Mwingi masafa hayo yamepitwa mara nyingi. Akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ile ya kuingia na ile ya kutoka, anaswali kamili tangu afikapo; kwa hiyo mwenye mgonjwa anapopanga idadi ya siku aliangalie na hili, maana kukusanya swala kunampunguzia mzee kunyanyuliwa. Asiyeweza kusimama anaswali akiwa amekaa, na asiyeweza kukaa anaswali akiwa amelala kwa ubavu. Rukuu na sijida huashiria, na ishara ya sijida iwe chini zaidi. Msafiri aliyevaa khofu baada ya tohara kamili hupangusa juu yake siku tatu na usiku wake. Hili ni faraja kubwa kwa mama ambaye kuvuliwa na kuvishwa viatu ni kazi. Inajuzu pia mtu kumiminiwa maji na mwingine anapotawadha. Na kiti kikiingia msikitini, magurudumu yasafishwe kwa kitambaa cha maji kwanza; ni jambo la dakika mbili, nalo huondoa manung'uniko.

Kuna wanaosema kwamba mzee amesameheka, basi mwacheni apumzike nyumbani. Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Sura An-Nur na kwingineko, imemwondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa. Lakini ruhusa aliyopewa yeye isigeuzwe kuwa ruhusa yetu ya kumsahau. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Ni kwa sababu yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura Abasa, na baada ya hapo Mtume (S.A.W.) alimtukuza kila alipomwona, akawa mmoja wa waadhini wake, na mara zaidi ya moja alimwachia usimamizi wa Madina alipokuwa safarini. Hakuhurumiwa kwa kuwekwa pembeni. Alipewa kazi na nafasi mbele za watu.

Na sheria ya nchi inakwenda njia hiyo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuweza kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kadiri inavyowezekana, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa saini 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Haki iliyoandikwa hufika pale watu wanapoidai kwa adabu na kwa kurudia. Kila anayepiga simu akauliza upana wa mlango anamfundisha mwenye nyumba jambo. Huko Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa jingine kubwa. Ukingo wake bado haujazoeleka, na huu ndio wakati wa wenye kaunti hizo kukumbushwa kwamba njia ya kiti cha magurudumu ni rahisi kuijenga mwanzo kuliko kuja kuibomolea ukuta.

Lakini tusiwahukumu watu wa bara kabla ya kujitazama. Misikiti yetu mingapi ya pwani ina ngazi tatu mlangoni na haina njia ya mteremko? Kumbi zetu za harusi, ambamo akina mama hukaa ghorofani, zina lifti? Madrasa zetu je? Mama anayeweza kufika Masinga lakini hawezi kuingia katika msikiti wa mtaani kwake, safari yake haijakamilika. Ubao wa mita mbili tunaoufunga juu ya gari kwenda Mwingi, tukirudi tuulaze mlangoni pa msikiti hadi fundi atakapokuja na saruji.

Kwa muhtasari wa ushauri wetu: nenda baada ya mvua za masika, kati ya Juni na Septemba, pita Kibwezi na Kitui, ulale njiani, fanya Mwingi mjini kuwa makao, na Masinga liwe matembezi ya siku moja, Kiambere waachie wenye mgongo wa kuvumilia. Uliza vipimo, usiulize sifa. Nenda na mahramu wa kunyanyua. Na kabla ya yote hayo, nenda ukakae karibu na mzee mwenyewe umuulize anataka kuona nini. Huenda akataka maji, huenda akataka kumwona mjukuu aliyeozwa Migwani, huenda akataka tu kupita barabara ambayo hajaipita. Akisema hataki kwenda, heshimu neno lake, ila liwe ni neno lake kweli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi waliolemewa, na awajaalie wenye afya waitumie kuwabeba wengine kwa namna isiyowavunjia heshima. Wabillahi tawfiq.